Kijiko cha Maji

Miaka sita nilimwibia Nebahat rangi.
Si kwa kuichukua. Kwa kuitia maji.
Akishafunga karakana, akishuka ngazi
huku akihesabu vidato kwa mguu,
mimi hurudi, nafunua kibakuli cha kobalti,
natia kijiko kimoja, siku za mawingu viwili,
nakoroga kwa kidole, napangusa ukingo, naondoka.

Kwani jicho lake lilikuwa limepata mtoto,
na mtoto yule alikuwa na rangi ya chai iliyolala.
Alinyonya buluu yote iliyopita mlangoni,
akamwachia mama vumbi na manjano.
Kila sahani ikitoka tanurini
Nebahat aliipeleka dirishani, akaguna:
"Imefifia, Vedat. Ongeza."
Nami nikaongeza. Mchana.

Utamwambiaje fundi aliyekufundisha kushika brashi
kwamba anga lake limekuwa wino?

Mama yake alipasuliwa zamani, kule Ankara:
siku tisa chali, mifuko ya mchanga
huku na huku ya kichwa, asije akapiga chafya.
Akarudi na miwani minene kama vitako vya chupa,
akimimina chai kando ya kikombe hadi alipokufa.
Ndiyo maana Nebahat alisema,
"Heri giza ninalolijua."

Daktari Aysun alicheka, si kwa dharau.
Akamwonyesha lenzi kwenye ncha ya kidole,
pana kama punje ya dengu, laini,
inayokunjwa kama barua, ikapita kwenye tundu
lisilohitaji hata uzi,
na ikifika ndani hujikunjua yenyewe.
Kisha akauliza swali ambalo mama mtu hakuwahi kuulizwa:
"Unataka kuona mbali, au karibu?"

Nebahat alinyamaza kiasi cha mtu kumaliza chungwa.
"Mbali kuna nini? Mlima naujua.
Nipe kutoka hapa," akanyoosha mkono wenye madoa,
"hadi hapa. Urefu wa brashi."

Dakika kumi na nne. Nilizihesabu ukutani.
Alikuwa macho, alinisimulia baadaye:
matone ya ganzi, taa tatu zikiogelea,
mashine ikivuma kwa sauti ambayo sikio haliidaki,
ikimvunjavunja mtoto, ikimfyonza vipande vipande.
"Nikamsikitikia kidogo, Vedat. Nilimlea mwenyewe."

Kesho yake bandeji ilitoka.
Hakuwatazama wauguzi. Alishika kola ya shati langu.
"Kumbe hili ni la buluu!"

Karakanani alishusha sahani kutoka rafuni,
akazileta karibu na pua, moja moja,
za mwaka jana, za mwaka juzi,
zile zilizobaki za harusi ya binti wa mwokaji.
Zote zilikuwa sawa. Zilikuwa sawa mno.
"Rangi hii," akasema, "si ya mkono wangu."

Nikakiri. Usiku, kijiko, maji.
Hakupaza sauti. Aliketi juu ya gunia la udongo.
"Miaka sita nimelala nikidhani mkono umekufa.
Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unauzika."
Sina jibu hadi leo.

Jicho la pili lilingoja wiki tatu.
Katika wiki hizo alifumba hili, akafumbua lile,
buluu, kahawia, buluu, kahawia,
kama mtoto anayechezea swichi ya taa.
Siku moja kabla ya kurudi hospitali
alinitaka nisage kobalti bila tone la maji,
akafunga kitambaa kwenye jicho jipya,
akachora sahani moja kwa lile la zamani, akaichoma.

Ilitoka karibu nyeusi, usiku ulioganda.
Nilidhani ataivunja.
Ndiyo anayonitilia zeituni kila adhuhuri,
na nikizimaliza naona chini yake tulipu
zisizojitokeza mpaka niinamishe sahani kwenye mwanga.
"Ilikuwa nzuri, Vedat," huniambia.
"Niliiona mwenyewe."